Njia ya Hesabu: tangu Fizi mpaka Iniversite

Kijana akimaliza masomo ya kati huko Baraka au Fizi, na kusema nyumbani kwamba anataka kwenda iniversite kusoma matematika, mara nyingi wazee hunyamaza kwanza. Angesema udaktari, wote wangefahamu. Angesema sheria, wangefahamu vilevile, maana kesi hazikosi. Lakini hesabu! Mjomba atauliza: «Hesabu si uliimaliza shuleni? Mwenye duka pale bandarini ajua kuhesabu vizuri, naye hakufika iniversite.» Tusimcheke mjomba. Yeye ndiye atakayetoa feza ya safari, na mwenye kutoa feza ana haki ya kuuliza.

Tujaribu kumjibu, lakini tuanzie mbali kidogo.

Neno lenyewe «hesabu» si la Kibembe, wala si la kabila jingine la inchi yetu. Ni la Kiarabu. Lilifika ng'ambo yetu ya ziwa Tanganika pamoja na wafanya biashara wa Unguja na Ujiji, waliovuka na mashua zao wakitafuta pembe za tembo na, kwa huzuni yetu, watu. Hao ndio waliotuletea sita, saba, tisa, ishirini na thelathini. Mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Hata tisa ilikuta mwenyeji, kenda, ikamfukuza. Basi mtoto wa Baraka anayehesabu samaki wake mpaka kumi anachanganya lugha mbili, naye hajui. Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Bibi anasema «sufuri», mwalimu anaandika «zero» ubaoni, na mtoto anadhani ni maneno mawili. Kumbe ni neno moja, sifr la Kiarabu, lililopita njia mbili: moja ya Unguja na Ujiji, nyingine ya Italia na Ufaransa. Na «aljebra» vilevile latoka katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Bagdad katika karne ya 9. Ndugu wawili waliachana zamani, wakakutana tena katika darasa moja kando ya ziwa letu.

Mapadri Weupe walifika Masanze mwaka 1880, wakahamia Kibanga mwaka 1883, wakakaa huko miaka kumi hivi mpaka magonjwa yalipowashinda mwaka 1893. Walikusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha dini, kusoma na kazi za mikono. Baadaye, katika wakati wa Wabeleji, shule za misioni zilifundisha hesabu ya kumtosha karani, katekista na mwalimu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, na ile kanuni ya tatu iliyowaliza wengi. Aliyetaka kupanda juu zaidi, kwa miaka mingi hakuwa na mlango mwingine ila seminari. Kwa njia hiyo Stefano Kaoze alipata upadri huko Baudouinville mwaka 1917. Lakini katika seminari mfalme alikuwa Kilatini. Filosofia ilikaa mkono wake wa kuume, na hesabu ilisimama karibu na mlango. Siwalaumu waalimu wale: walitayarisha mapadri, hawakutayarisha wahandisi. Ila matunda yake tuliyaona. Kwa muda mrefu mtu mwenye elimu, machoni petu, alikuwa mtu wa maneno.

Mwezi wa Oktoba 1954 mlango wa pili ulifunguliwa. Ni iniversite Lovanium, juu ya kilima cha Kimwenza karibu na Leopoldville, binti wa iniversite katolika ya Louvain. Wanafunzi wa kwanza walikuwa kama 30 tu. Rekta wake wa kwanza, Monsenyeri Luc Gillon, alikuwa padri na daktari wa fizika ya atomu, na mwaka 1959 reakta ya atomu ilianza kufanya kazi kilimani pale, ya kwanza katika Afrika nzima. Mama wa Lovanium, yaani Louvain, alikuwa na mwalimu Georges Lemaître, padri vilevile na mtu wa matematika, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unazidi kupanuka. Naandika majina haya mawili kwa ajili ya wale seminaristi wanaodhani kwamba kalamu ya hesabu na stola haziwezi kukaa mfukoni pamoja.

Masomo yalifuata desturi ya Ubeleji: miaka 2 ya kandidatura, halafu miaka 2 ya lisansi. Tena ilibidi kuweka mwaka wa matayarisho kwa wale ambao masomo yao ya kati hayakutimia. Elisabethville ilipata iniversite yake mwaka 1956, Stanleyville mwaka 1963. Hata hivyo, siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye cheti cha iniversite hawakufika 30, kadiri inavyosemwa kwa kawaida.

Na Fizi je? Tufanye hesabu moja. Baraka na Kinshasa ziko karibu katika mstari mmoja wa dunia, kama digri 4 kusini ya ikweta. Baraka iko kwenye digri 29 mashariki, Kinshasa kwenye 15. Tofauti ni digri 14, na digri moja pale ni karibu kilometa 110. Zidisha: kilometa 1,540, kwa mwenye mabawa. Jua lenyewe hutumia dakika 4 kwa kila digri. Basi likiisha kufika kichwani pa mvuvi wa Baraka, linataka dakika 56 kabla ya kufika kichwani pa mwanafunzi wa Kinshasa. Ndiyo sababu saa za pande hizi mbili za Kongo hazilingani, zinapitana kwa saa moja. Jua hufika bila kulipa nauli. Kijana wa Fizi alipaswa kutafuta barabara ya Uvira kwanza.

Na barabara hiyo ilikatika saa ileile mlango ulipofunguka. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulishika Uvira, Baraka na Fizi. Tarehe 28 Novemba 1964, Baraka, waliuawa padri Luigi Carrara na frera Vittorio Faccin, Wasaveri. Siku hiyohiyo, Fizi, padri Giovanni Didonè na abe Albert Joubert, mwana wa kapitani Joubert, Mfaransa, na wa Agnes Atakae. Eklezya iliwatangaza Wenye Heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa akakaa milimani miezi saba hivi. Baada yake Laurent-Désiré Kabila alishika milima ya Fizi kwa miaka mingi. Mwezi wa Mei 1975 watu wake walivuka ziwa usiku wakateka vijana wanne waliokuwa wakichunguza sokwe huko Gombe, watatu wao wanafunzi wa iniversite ya Stanford, Marekani. Baadaye waliachiliwa. Ni jambo chungu kulikumbuka: wanafunzi wa iniversite waliosikika sana duniani kwa jina la Fizi walikuwa mateka.

Kumbe katika miaka hiyo inchi ilikuwa ikiweka ngazi mpya ya masomo. Mtihani wa Serkali ulianza mwaka 1967. Mwaka 1971 iniversite tatu ziliunganishwa kuwa moja, zikatenganishwa tena mwaka 1981. Pale Bukavu, zaidi ya kilometa 200 tangu Baraka, shule kubwa ya ualimu ilifungulia vijana wetu njia ya kusoma matematika na fizika bila kuvuka Kongo nzima. Lakini ngazi haimfai asiyefika kwenye kidato cha kwanza. Mimi mwenyewe nilimaliza masomo ya kati katika shule nisiyoitaja, ambako mwalimu wetu wa hesabu alitoka siku moja kwenda kudai mshahara wake, asirudi. Mwaka mzima hatukuona jometria. Tulipofika mbele ya mtihani tulijua majina ya pembe, lakini sababu zake hatukuzijua.

Halafu vita vya 1996 na 1998. Wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakakaa katika kambi kama Nyarugusu. Huko shule za wakimbizi zilifuata programu ya Kongo, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa chini ya hema aliweza kusoma hesabu ileile ya Uvira na Bukavu. Tangu mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha watu Baraka, na vyeti vikarudi pamoja na sufuria na magodoro. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Serkali imeanza kubadili tena miaka: zamani 3 ya graduwa na 2 ya lisansi, sasa 3 ya lisansi na 2 ya master. Mjomba atahesabu na kuona kwamba jumla ni ileile.

Turudi kwake. Fundi wa nyumba, akitaka pembe iliyonyoka, huchukua kamba, hupima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari ikiwa 5, pembe ni sawa. Yeye ajua kwamba inafaa. Mwanafunzi wa matematika hutumwa kuuliza kwa nini inafaa, na kama itafaa daima. Anaona kwanza kwamba 9 na 16 ni 25. Kisha anajaribu na mraba wenye upande wa meta 1 kila upande. Mshazari wake ni meta ngapi? Anatafuta sehemu: saba ya tano ni karibu, kumi na saba ya kumi na mbili ni karibu zaidi. Anaweza kuendelea mpaka jua lichwe. Sehemu kamili haimo, wala haitapatikana hata na mtu ye yote, na yeye anaweza kuthibitisha hivyo kwa mistari kumi ya daftari. Mwenye duka hana haja ya kujua hilo. Bali kila mhandisi wa daraja na kila mwenye kutengeneza simu tunazobeba alipita kwa mwalimu aliyezoea kuuliza hivyo.

«Na akimaliza?» atauliza mjomba. Kwa kawaida atakuwa mwalimu, na mshahara utachelewa, tusimdanganye. Bali katika shule nyingi za milimani, kutoka Fizi kwenda juu, saa ya matematika mara nyingi hushikwa na mwalimu aliyesomea jambo jingine, anayesoma kitabu ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi wake. Kijana huyu anataka kwenda kuchukua saa ile. Nauli ya Bukavu inatakiwa kabla masomo hayajaanza.