Dawa kali za maumivu: namna ya kuwasaidia madaktari kuziandika kwa usalama

Opioidi ni dawa za kutuliza maumivu makali, kama vile mofini, kodeini, tramadoli na oksikodoni. Tunazihitaji. Mgonjwa wa kansa au mama aliyepasuliwa asiachwe ateseke bure. Lakini mwili huzizoea, na mtu hutaka kuongeza. Zikizidi, pumzi hupungua hata mgonjwa akafa usingizini.

Katika Marekani, tangu miaka ya 1990, dawa hizo ziliandikwa kwa wingi hata kwa maumivu ya mgongo ya kila siku, na vifo vikaongezeka sana. Nyingi ziliandikwa na madaktari wa kawaida, wale ambao mgonjwa huwafikia kwanza.

Je, daktari husaidiwaje kubadilika? Katika jimbo la California, eneo la San Diego, watafiti waliwafuata madaktari na waandikaji wengine wa dawa 861. Hao walikuwa wamewaandikia dawa watu 170 ambao baadaye walikufa kwa kuzidisha dawa. Kwa bahati nasibu, baadhi yao walipelekewa barua na daktari anayechunguza vifo. Barua ilitaja mgonjwa aliyekufa, ikaeleza njia salama za kuandika dawa, wala haikumlaumu mtu. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: katika miezi 3 iliyofuata, waliopata barua walipunguza opioidi kwa karibu 10% kuliko wenzao wasioipata.

Sababu tunaielewa. Mgonjwa akifa nyumbani, daktari huona tu kwamba hakurudi. Ukweli ukisemwa kwa heshima hufungua macho.

Kanuni kuu ni hizi:

- Kuanza na dawa nyepesi, kama parasetamoli, pale zinapotosha.
- Kuandika kipimo kidogo, kwa siku chache. Kwa maumivu ya ghafula, mara nyingi siku 3 zinatosha.
- Kutochanganya opioidi na diazepamu wala pombe.
- Kutompa kodeini wala tramadoli mtoto aliye chini ya miaka 12.
- Kutomkatia ghafula aliyezitumia muda mrefu, bali kupunguza polepole.

Hofu nayo isituongoze. Jirani zetu wa Uganda wamewapa wagonjwa wa kansa mofini ya maji nyumbani kwao tangu miaka ya 1990, chini ya uangalizi wa wauguzi.

Mashariki mwa Kongo, vituo vingi vya afya ni vya makanisa yetu. Sisi wachungaji na mashemasi ndio tunaoingia nyumba za wagonjwa na za wafiwa. Tukisikia kwamba fulani hawezi tena kulala bila tramadoli, au amefariki baada ya kumeza vidonge vingi, familia ikikubali, tumpelekee habari aliyeandika dawa. Tumwendee kwa upole, faraghani, bila kumshitaki. Huenda mgonjwa wake wa kesho akapona kwa sababu hiyo.