Sifuri ya Mwisho

Neno Nairobi lina herufi saba. Kwenye lugha ya C linachukua baiti nane. Ile ya nane huioni kwenye skrini: ni sifuri tupu, imekaa mwishoni kuiambia kompyuta, basi, ishia hapa. Sifuri hiyo imewahi kukosesha watu wengi usingizi.

Fikiria unamwelekeza mgeni anayepanda matatu. Unaweza kumwambia, "Shuka steji ya saba." Au, "Ukiona jengo jekundu, shuka." Kwa njia ya kwanza anahesabu, kwa ya pili anangoja alama. Sasa jengo likibomolewa, mgeni wako atapita tu, hadi mtaa asioujua.

Lugha za kompyuta zimejaribu njia zote mbili. BCPL, aliyoibuni Martin Richards wa Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1960, ilihesabu: urefu wa maandishi uliwekwa mbele, kisha herufi zikafuata. Ken Thompson wa Bell Labs, New Jersey, alipoichukua BCPL na kuikata ikawa lugha ya B, aliiacha hesabu akaweka alama ya mwisho. Mwenzake Dennis Ritchie akaijenga C juu ya B mwanzoni mwa miaka ya 1970, na alama ikawa sifuri.

Wasee wa kompyuta hupenda kusema kwamba jamaa hawa walikuwa wanabana nafasi. Ni kweli nafasi ilikuwa haba. PDP-11 yao ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 24 za kumbukumbu, na picha ya kawaida ya WhatsApp haingetoshea humo. Lakini hesabu ya baiti moja na sifuri ya baiti moja zinakula nafasi ileile. Sababu aliyoieleza Ritchie mwenyewe ni nyingine. Baiti moja huhesabu hadi 255 tu, nao hawakutaka maandishi yao yawekewe mpaka huo. Isitoshe, kuitunza hesabu kila mara kuliwaonekania usumbufu. Kwa hivyo haikuwa ubahili. Walitaka uhuru: andika urefu unaotaka, tia alama, maliza.

Shida ni kwamba hesabu ikiondolewa kwenye neno haipotei. Inahamia kichwani mwa anayeandika programu. Kwenye maabara ya watu wachache wanaojuana, hiyo ilikuwa sawa. Lakini Unix na C zilitoka humo zikasambaa vyuoni, na kutoka vyuoni zikaenda kila mahali.

Chukua amri moja ya C, gets. Kazi yake ni kupokea maandishi na kuyamwaga kwenye nafasi uliyoitengea. Haiulizi nafasi ni kubwa kiasi gani. Ni kama kumimina uji bila kutazama bakuli. Na uji ukifurika, haumwagiki sakafuni. Unafunika vitu vingine vilivyo kwenye kumbukumbu, pamoja na anwani inayoiambia programu irudi wapi ikimaliza kazi.

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachilia programu inayojinakili yenyewe mtandaoni. Mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma iitwayo finger, iliyotumia gets na kutenga baiti 512. Yeye alituma 536. Zile za ziada zilifunika anwani ya kurudi, na mashine ikaanza kumtii mgeni. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba kompyuta 6,000 ziliathirika. Babake alikuwa amefanya kazi Bell Labs kwa miaka mingi, kwenye Unix yenyewe.

Mwaka wa 1990 mahakama ilimpa kijana huyo kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kutumikia jamii na faini ya dola 10,050. Na gets je? Kiwango rasmi cha kwanza cha C kilitoka 1989, mwaka mmoja baada ya mkasa, na gets ilikuwa ndani. Iliondolewa 2011. Kijana alikuwa amemaliza adhabu yake zamani.

Sifuri yenyewe haijaenda popote. Mwaka wa 1992 Thompson na Rob Pike walipobuni UTF-8, mfumo unaobeba maandishi ya lugha za dunia nzima, walihakikisha baiti ya sifuri haijitokezi ndani ya herufi nyingine yoyote, ili programu za zamani za C zisikatizwe katikati ya neno. Ndiyo maana ng’ombe, ukitumia ile alama iliyopinda ya simu, anachukua baiti tisa, halafu bado anahitaji sifuri yake.

Kwa hivyo ukiandika C leo, hesabu bado ni yako. Tumia fgets, ambayo inakulazimisha useme nafasi ina ukubwa gani. Na ukiitengea Nairobi nafasi, tenga nane.