Skripti zinazosakinisha programu za hospitali kwenye seva za ukanda wa Ziwa Victoria

KATIKA hospitali na vituo vingi vya afya vya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, rekodi ya mgonjwa haimo tena kwenye faili la karatasi peke yake. Imo pia katika seva, yaani tarakilishi inayohudumia tarakilishi nyingine, ambayo aghalabu huwekwa katika chumba cha kituo chenyewe. Programu iliyomo ndani ya seva hiyo haina budi kupandishwa toleo mara kwa mara. Kazi hiyo ikiharibika, kliniki ya asubuhi hukwama na daktari hukosa kujua mgonjwa aliye mbele yake alipewa dawa gani mwezi uliotangulia.

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyoikabidhi kazi hiyo kwa skripti, na ni kwa nini mpangilio wa hatua zake una uzito.

Chimbuko la mfumo

Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa tarakilishi kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Mfumo huo wa awali ulilemewa mara tu huduma za Ukimwi zilipopanuka. Ndipo mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenMRS, programu huria ya rekodi za matibabu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Februari 2006 ilianza kutumika Eldoret chini ya mpango wa AMPATH, ambao vituo vyake vilienea hadi Port Victoria, kwenye ufuo wa ziwa katika Busia.

Kuanzia 2012, juu ya msingi huo wa OpenMRS ilijengwa KenyaEMR, ambayo ilisambazwa katika mamia ya vituo vya umma. Ukanda wa ziwa uliihitaji zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 17.5 ya wale wa Kisumu walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Tiba ya ugonjwa huu ni ya maisha yote. Hivyo rekodi nayo sharti idumu.

Skripti ni nini?

Skripti ni faili la maandishi lenye amri zilizopangwa kwa zamu, ambazo tarakilishi huzitekeleza moja baada ya nyingine bila kungoja mtu azichape. Wazo hili ni kongwe. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa maabara za Bell, Marekani, aliandika Make, chombo cha kujenga programu kwa kufuata kanuni zilizoandikwa. Kwa lugha ya Java, ambayo ndiyo iliyoandikiwa OpenMRS, kilitokea Ant mwaka 2000, kazi ya James Duncan Davidson, kisha Maven. OpenMRS yenyewe ilianza kwa Ant kabla ya kuhamia Maven.

Kazi ya vyombo hivi ni kuchukua msimbo wa waandishi wa programu, kuukusanya, kuujaribu na kuufunga kuwa faili moja la aina ya WAR. Faili hilo huwekwa ndani ya Tomcat, programu inayohudumia kurasa za wavuti. Kando yake huwekwa moduli, yaani vipande vinavyoongeza huduma mahsusi kama vile kliniki ya kifua kikuu au ya kina mama wajawazito. Data zenyewe hukaa katika hifadhidata ya MySQL.

Hatua za usakinishaji

Skripti nzuri ya kupandisha toleo hufuata mpangilio huu:

1. Kuhakikisha kwamba diski ina nafasi ya kutosha na kwamba faili jipya halikuharibika njiani. Hili hufanywa kwa kukokotoa nambari ya ukaguzi kutokana na yaliyomo ndani ya faili na kuilinganisha na ile iliyotolewa na waundaji. Herufi moja ikibadilika, nambari hazitalingana.

2. Kusimamisha Tomcat ili pasiwe na mhudumu anayeandika rekodi wakati kazi inaendelea.

3. Kutoa nakala ya akiba ya hifadhidata nzima na kuhakikisha kwamba nakala hiyo inasomeka.

4. Kuondoa faili la zamani la WAR pamoja na moduli zote za zamani, kisha kuweka mpya. Moduli moja ya zamani ikisahaulika, huenda mfumo ukakataa kuwaka.

5. Kuiwasha Tomcat, kungoja, na kuthibitisha kwamba ukurasa wa kuingilia unafunguka.

Hatua yoyote ikishindwa, skripti husimama papo hapo na kutaja ilipokwamia.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi yote. Toleo jipya linapowaka kwa mara ya kwanza, hubadilisha umbo la hifadhidata yenyewe: huongeza safu, hufuta nyingine. OpenMRS hutumia chombo kiitwacho Liquibase, ambacho huandika katika jedwali maalumu kila badiliko lililokwisha kufanywa, ili lisirudiwe. Hata hivyo, kulirudisha faili la zamani la WAR hakurudishi umbo la zamani la hifadhidata. Asiye na nakala ya akiba hana njia ya kurudi.

Mazingira ya ziwani

Mbinu zilizobuniwa kwa miji yenye intaneti ya kasi hazifai kila mahali. Maven, kwa mfano, inapojenga programu hupakua kutoka mtandaoni maktaba nyingi za msimbo ambazo hazijahifadhiwa bado kwenye tarakilishi. Kwa kituo kilicho kisiwani Mfangano, kunakofikiwa kwa mashua, si busara kutegemea hilo. Kwa sababu hiyo ujenzi hufanywa mjini, na kinachosafirishwa ni kifurushi kilichokamilika, hata kama ni kwa flashi mfukoni.

Umeme nao huweza kukatika katikati ya kazi. Skripti iliyoandikwa vyema inaweza kuendeshwa mara ya pili bila madhara: hukagua kwanza kilichokwisha kufanyika, kisha huendelea na kilichobaki.

Tahadhari

Ikumbukwe kwamba skripti hueneza kosa kwa kasi ileile inayoeneza jema. Kwa hivyo toleo jipya hujaribiwa kwanza katika seva ya majaribio, kisha katika kituo kimoja, ndipo lipelekwe kwingine.

Aidha, nywila ya hifadhidata haifai kuandikwa ndani ya skripti inayopita mikononi mwa watu wengi. Nakala ya akiba nayo ina majina ya wagonjwa na hali zao za afya, habari ambazo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa nyeti. Nakala hiyo ifungwe kwa usimbaji, na isiachwe katika flashi.

Maarifa yabaki na nani?

Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, wafanyakazi wengi wa miradi ya Ukimwi nchini, wakiwemo wa ukanda wa ziwa, waliambiwa waache kazi. Tukio hilo lilidhihirisha hatari ya ujuzi wa kutunza seva kukaa katika vichwa vya watu wachache walioajiriwa kwa kandarasi. Fundi akiondoka, huondoka nao.

Skripti iliyohifadhiwa pamoja na maelezo yake hupunguza hatari hiyo. Ofisa wa rekodi wa kaunti anaweza kuisoma, akaelewa kila hatua na sababu yake, na akaiendesha mwenyewe. Kwa kaunti zinazojiandaa kubeba mzigo huu pasipo wafadhili, jambo la kwanza ni kuuliza: je, skripti zetu ziko wapi, na ni nani kati ya waajiriwa wetu amewahi kuziendesha?