Mwanga na Sauti Chumbani: Sura Moja ya Historia ya Shauri Moyo, Nairobi

1. Utangulizi

Historia ya makazi ya Waafrika mjini Nairobi aghalabu imeandikwa kwa kufuata kuta. Taarifa za serikali ya kikoloni zilihesabu vyumba, vitanda, vyoo na kodi. Nao wanahistoria waliozitegemea taarifa hizo walijikuta wakihesabu yale yale. Jambo ambalo halikuhesabiwa ni namna mpangaji alivyokifanya chumba alichopewa kiwe mahali pa kukaa, kupokea wageni na kutulia, wala si pa kulala tu. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kutazama vitu viwili, yaani mwanga na sauti, katika makazi ya Shauri Moyo. Hoja inayotolewa ni kwamba kuta zilikuwa mali ya Manispaa, lakini mwanga na sauti vilikuwa mali ya mkazi. Na kwamba ushahidi wa kazi aliyoifanya mkazi huyo umehifadhiwa zaidi katika msamiati wa Kiswahili kuliko katika majalada ya ofisi.

2. Kutoka Pangani

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Pembeni mwa kituo hicho kulizuka vijiji vya Waafrika, kimojawapo kikiwa Pangani. Nyumba za Pangani zilifuata mtindo wa Kiswahili: ujia katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Wenye nyumba, wakiwemo wanawake wengi, walijenga kwa fedha zao, wakapangisha vyumba kwa wafanyakazi, na wakatarajia kuwaachia jamaa zao mali hiyo. Lakini siasa ya Manispaa ilikuwa kuwaweka Waafrika wote katika maeneo yaliyotengwa mashariki ya mji. Pumwani ilianzishwa kwa madhumuni hayo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwishoni mwa miaka ya 1930 zamu ya Pangani ikafika. Kufikia mwaka 1939 kijiji hicho kilikuwa kimebomolewa, na wenye nyumba wakapelekwa katika majengo mapya ya Manispaa karibu na Pumwani.

Makazi hayo mapya ndiyo Shauri Moyo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi juu ya jina hili ni kwamba wahamishwa walisema kuhamia huko ni shauri ya moyo wa mtu mwenyewe: anayekubali na akubali, asiyekubali na atafute pengine. Jina linabeba manung'uniko. Yafaa ikumbukwe kwamba aliyehama alipata nyumba imara zaidi ya ile aliyoiacha, ila hakupata umiliki. Aliyekuwa mwenye nyumba alibaki mpangaji wa Manispaa, na nyumba haikuwa yake tena ya kurithisha.

Kwa hiyo swali la historia ni hili: mtu aliyenyang'anywa haki ya kujenga, alijenga nini ndani ya chumba alichojengewa?

Jibu halikuanzia Nairobi. Katika miji ya pwani sanaa ya kupamba chumba ilikuwa ya kale. Kuta zilichongwa zidaka za kuwekea vyombo vya kaure, udi ulifukizwa, na taa ziliangikwa mahali palipochaguliwa. Maneno kandili na fanusi, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, yaliingia katika Kiswahili pamoja na vifaa hivyo. Wakazi wa Pangani na Pumwani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu waliofuata utamaduni wa pwani, walikwenda na kaida hizo bara. Mtafiti Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, ameonyesha kwamba starehe za nyumbani, kama vile chai, maji ya kuoga na mazungumzo, zilikuwa kazi yenye thamani ya fedha katika vyumba vya Pangani na Pumwani. Kwa mfanyakazi aliyeiacha jamaa yake mashambani, chumba chenye utulivu kilikuwa kitu cha kulipiwa. Hivyo hali ya chumba ilikuwa sehemu ya uchumi wa mji, na wanawake ndio waliokuwa mafundi wake wakuu.

3. Mwanga: debe, koroboi na stima

Chombo cha kwanza cha kutazamwa ni debe. Mafuta ya taa yaliletwa Afrika Mashariki ndani ya madebe ya bati, na debe tupu halikutupwa. Lilipanuliwa likawa paa la nyumba za Pumwani, lilichotewa maji, lilitumika kama kipimo cha nafaka, tena lilipigwa likatoa sauti, na ndipo Kiswahili kikapata msemo kupiga debe kwa maana ya kumnadi mtu au kitu. Bati lile lile, likikatwa na kuunganishwa, likawa koroboi, taa ndogo isiyo na kioo ambayo Watanzania wengi huiita kibatari. Kwa hiyo chombo kimoja kiliwapa wakazi paa, mwanga na sauti. Hata jina mafuta ya taa linaonyesha cheo cha mwanga katika nyumba za watu wa kawaida: mafuta hayo yakitiwa katika jiko la kupikia, bado huitwa ya taa.

Taa za mafuta hazikuwa sawa, na tofauti zake zilikuwa tofauti za hali chumbani. Koroboi ina ndimi wazi ya moto. Hutoa moshi, huacha masizi darini, na mwanga wake hauendi mbali. Walioizunguka walilazimika kukaa karibu karibu. Taa ya chemli ina kioo kinachozuia upepo, na utambi wake hupandishwa na kushushwa kwa kuzungusha kijigurudumu. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya dohani, kwa kuwa kioo hicho huvuta hewa kama dohani. Mwenye chemli aliweza kuchagua kiasi cha mwanga: mkubwa wakati wa kula na kusoma, mdogo wakati wa kulala au wa mazungumzo ya faragha. Karabai nayo, ambayo jina lake linatokana na kemikali iliyotumika katika taa za awali za aina hiyo, lilikuja kuwa jina la taa ya mafuta yanayosukumwa kwa pampu. Mwanga wake ni mweupe na mkali, nayo huvuma muda wote inapowaka. Ilifaa dukani na arusini. Katika chumba kidogo ilikuwa kali mno kwa macho na kwa masikio, na kuiwasha kulikuwa tangazo kwamba usiku huo kuna jambo.

Neno la nne ni stima. Pwani neno hili lilitaja meli ya moshi. Nchini Kenya limekuwa jina la kawaida la nguvu ya umeme. Tofauti ya usemi yafaa izingatiwe. Koroboi huzimika, maana mafuta yamekwisha au upepo umevuma, na mwenyewe anajua sababu. Stima, kwa usemi wa Nairobi, hupotea. Kinachopotea kimetoka mbali, na mkazi hana uwezo wa kukirudisha. Ndiyo maana koroboi haikuondoka rafuni hata katika nyumba zilizokwisha kuunganishwa na nyaya.

Tena koroboi hizo zilitengenezwa karibu mno na waliozitumia. Katika uwanja wa Kamukunji, jirani na Shauri Moyo, mafundi wa jua kali wamekuwa wakifua mabati makuukuu na kuyageuza majiko, masanduku, makarai na taa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na baadaye wakajengewa vibanda vya kufanyia kazi. Mchana kutwa nyundo zao husikika hadi vyumbani. Bati lililokuwa kelele mchana liliingia chumbani jioni likiwa mwanga.

4. Sauti: santuri na redio

Katika Kiswahili, redio huwashwa na huzimwa. Vitenzi hivi ni vya moto: kuwasha ni kufanya kitu kiwake, na kuzima ni kukomesha moto. Hapana moto katika redio, ila msemaji wa Kiswahili alipokipokea chombo hicho alikiweka katika fungu la taa. Wapo pia wasemao kufungua na kufunga redio, na vitenzi hivyo ni vya mlango. Yote mawili yanaeleza kazi ya sauti chumbani: ama kuangaza, ama kuingiza watu wasiokuwapo.

Kabla ya redio kulikuwa na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani zake zikanunuliwa Afrika Mashariki yote. Sahani za wakati huo zilidumu kama dakika tatu kila upande. Hapakuwa na sauti ya kuendelea yenyewe: ilibidi mtu ainuke, aigeuze sahani, aizungushe mashine kwa mkono na kuiweka sindano. Mwenye santuri alikuwa kiongozi wa shughuli, na wageni walimngojea yeye. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi walikuta Nairobi imeanza kurekodi nyimbo zake yenyewe. Mmoja wa wanamuziki waliotumikia jeshini na baadaye wakajulikana kwa sahani alikuwa Fundi Konde. Soko la Burma, lililo Shauri Moyo, linaikumbusha nchi ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944.

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, lakini ulikuwa kwa lugha ya Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Matangazo kwa lugha za Kiafrika yaliletwa na vita, kwa sababu serikali ilihitaji kusema na jamaa za askari. Kwa muda mrefu mtu wa kawaida alisikiliza akiwa mahali pa hadhara, penye redio moja ya watu wengi. Redio ndogo za betri, zilizoenea katika miaka ya 1960, ndizo zilizoiingiza sauti hiyo chumbani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa imeanza tarehe 27 Juni 1957, na mwaka 1964 shirika la utangazaji la Kenya likawa Sauti ya Kenya. Redio ilipewa heshima ya mgeni: iliwekwa juu ya kabati au meza, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zilipochoka zilianikwa juani ili zitoe nguvu kidogo zaidi. Sauti, kama mwanga, ilitumiwa kwa kipimo.

Hata hivyo sauti hiyo haikumtii mwenye chumba siku zote. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walioasi walimlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Sauti iliyozoeleka katika vyumba vya Nairobi kwa maswali ya ungwana na kwa kandanda ikaleta habari ya bunduki. Kabla ya siku kwisha, askari watiifu walikuwa wamekitwaa tena kituo. Siku hiyo ilibainisha kwamba anayefungua redio hufungua mlango asioweza kuulinda.

5. Pazia na mpaka wa sauti

Chumba kimoja kilikuwa sebule, jiko na malazi ya wazazi na watoto. Njia iliyotumika kukigawa ilikuwa pazia, aghalabu shuka au kanga iliyotundikwa kwenye kamba. Pazia huzuia macho na hupunguza mwanga, lakini halizuii sauti. Aliyelala nyuma yake alisikia kila neno la walioketi mbele.

Hapo ndipo historia ya chumba inapokutana na historia ya lugha. Mojawapo ya maelezo ya asili ya Sheng ni kwamba watoto wa makazi ya mashariki ya Nairobi walihitaji msimbo wa kuzungumzia mambo yao mbele ya wazazi ambao hawangeweza kuwakwepa. Wapo wataalamu wanaopinga, wakisema kwamba misimbo ya vijana na ya wahuni wa mji ilikuwapo Nairobi tangu miaka ya 1930. Makala haya hayadai kuumaliza mjadala huo. Linalodhihirika ni kwamba maelezo haya mawili hayapingani kuhusu chumba: hata kama msimbo ulitoka nje, ndani palikuwa na haja yake. Kwa maana hiyo Sheng ilikuwa pazia la sauti, mahali ambapo pazia la nguo lilishindwa.

Faragha hii haikutafutwa dhidi ya wazazi peke yao. Wakati wa Hali ya Hatari, na hasa baada ya msako mkubwa wa Operation Anvil ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, mwanga uliopenya ufa wa mlango na sauti iliyovuka ukuta viliweza kumsaliti mtu. Kushusha utambi na kushusha sauti vikawa tendo moja. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili, na historia imekipa uzito wake.

6. Hitimisho

Imeelezwa kwamba wahamishwa wa Pangani walipoteza haki ya kujenga na kurithisha, na kwamba wao na wapangaji waliowafuata walibakiwa na uwezo wa kuipanga hali ya chumba kwa taa na sauti. Uwezo huo ulikuwa mdogo, tena ulivunjwa mara kwa mara na dola, na soko na jirani. Lakini ndio uliotofautisha nyumba na bweni.

Ushahidi wake umo katika maneno: debe, koroboi, chemli, karabai, santuri, stima, na vitenzi washa, zima, fungua, shusha. Kamusi zimeyaingiza mengi ya maneno haya kama majina ya vyombo tu. Matumizi yake ya Nairobi, kama lile la stima kupotea, yanastahili kuingizwa kwa ukamilifu. Katika miaka ya 2020 Shauri Moyo imo katika mipango ya serikali ya kujenga maghorofa ya bei nafuu. Wakazi wa kale wa vyumba hivi ndio wanaojua utambi ulishushwa lini na kwa nini, na kumbukumbu zao hazina budi kurekodiwa kabla kuta hazijabomolewa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza, Pangani ilipobomolewa, hakuna ofisi iliyoona haja ya kuwauliza.