Dodoma: jiografia ya makao makuu

Dodoma ni mji mkuu wa Tanzania, ulioko katika uwanda wa juu wa kati, takriban kilomita 450 kwa barabara magharibi mwa Dar es Salaam na mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni eneo la Wagogo. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1910, na barabara kuu ya kaskazini-kusini kutoka Arusha kwenda Iringa hupita mjini.

Bandari ndiyo iliyoamua makao makuu ya awali. Mwaka 1891 Wajerumani waliondoka Bagamoyo, ambako maji ya kina kifupi yalifaa majahazi kuliko meli kubwa, wakahamia Dar es Salaam yenye bandari ya asili iliyokingwa dhidi ya mawimbi. Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua kuhamia Dodoma kwa hoja tofauti: serikali ikae katikati ya nchi, karibu na wakulima wa bara. Ukati huo ulikuwa na gharama. Dodoma ni nusu jangwa. Mvua zake, wastani wa milimita 600 hivi kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na mji umetegemea sana visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora.

Uhamisho ulikwenda polepole. Bunge lilihamia 1996, lakini wizara nyingi zilibaki pwani hadi msukumo mpya wa serikali mwaka 2016. Sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu ilipitishwa 2018. Dar es Salaam imebaki bandari kuu na kitovu cha biashara.