Utupa wa Vijito vya Maniema

Wengi walioandika tarikhi ya Maniema, mashariki ya Kongo, wameifuata pembe ya ndovu: kutoka Nyangwe, ambako msafiri David Livingstone alishuhudia mauaji ya sokoni ya Julai 1871, hadi Kasongo, alikoweka makao Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mwaka 1875, kisha Kindu, kwenye ukingo wa magharibi wa Lualaba, mji uliounganishwa na Kongolo kwa reli mwaka 1910. Hiyo ni tarikhi ya mto mkuu na ya wanaume wenye bunduki. Lakini iko nyingine, ya vijito vya msituni vinavyomwaga maji katika mito ya Elila na Ulindi, ambayo haikupata mwandishi, nayo ni tarikhi ya utupa.

Utupa ni mmea wa jamii ya kunde, wenye kupita kimo cha mtu, wenye maua meupe au ya zambarau yanayopendeza sana machoni, na mara nyingi huonekana karibu na makazi, kwa kuwa hupandwa kwa makusudi. Wataalamu wa Ulaya waliupa jina la Theodor Vogel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1841 katika msafara wa Mto Niger, ilhali Waafrika walikwisha kuujua na kuutumia vizazi na vizazi kabla yake.

Kati ya Juni na Agosti, maji yanapopungua, kijito huzibwa kwa matope na matawi, majani ya utupa yakatwangwa, yakatiwa vikapuni, na vikapu vikachovywa na kukung'utwa majini, hata samaki wakaanza kupanda juu wakiyumba kama walevi, nao wanawake na watoto wakawateka kwa matenga. Lualaba yenyewe haikubali dawa hii, kwa wingi na kasi ya maji yake. Ndiyo maana Wagenya, mabingwa wa mto ule, walitegemea nyavu, mitego na mitumbwi.

Siri ya utupa ni sumu ya rotenoni, ambayo hupenya matamvua ya samaki na kuuzuia mwili wake usiitumie hewa uliyokwisha kuivuta, hata akafa kwa kukosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa pumzi. Mlaji wa samaki huyo hadhuriki, kwani tumbo la binadamu hufyonza sumu hiyo kidogo mno, na jua nalo huivunja baada ya siku chache. Hapo ndipo ninapoiona hekima ya wahenga: msimu mmoja, kijito kilichozibwa, kisha maji yakaachiwa yajisafishe.

Lakini utupa hauchagui baina ya samaki mpevu na kifaranga chake, na anayeutia majini kila mwezi hukatiza kizazi kizima. Kwa sababu hiyo sheria ya Kongo inayoharamisha uvuvi wa sumu ni ya haki, nami naiunga mkono. Wala wakulima wanaohifadhi maharagwe kwa unga wa majani ya utupa wasiudharau, maana uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa panya waliotiwa rotenoni mwilini walipata dalili zinazofanana na maradhi ya Parkinson.

Nawasihi vijana wasomi wa Kindu wawaendee bibi zao wa Elila na Ulindi, wawaulize vijito gani vilizibwa, nani aliyetoa idhini, na samaki waligawanywaje, wayaandike hayo maadamu wenye kuyajua wangali hai.