Moto wa Ndege Haungoji Zimamoto

Ndugu wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mnaokalia madawati yetu leo,

Wale tuliosoma pamoja mtaikumbuka midahalo yetu ya Ijumaa jioni, jinsi tulivyopenda kugombanisha methali. Siku moja upande mmoja ulitetea "haraka haraka haina baraka", na upande wa pili ukajibu kwa "ngoja ngoja huumiza matumbo". Mimi nilikuwa upande wa kwanza, tukashinda. Baadaye nilifanya kazi ya ufundi wa ndege kwa miaka mingi, na huko nikakutana na jambo ambalo lingetushinda hoja siku ile. Jambo hilo ni moto ndani ya ndege. Mhariri ameniomba niandike historia yoyote niijuayo vizuri, nami naijua hii.

Tuliosoma Mwanza miaka ya sitini tulizoea kuziona Dakota za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, na baadaye Fokker Friendship, zikiteremka kutoka upande wa Ziwa. Tulidhani kwamba ndege ikishika moto itazimwa na lile gari jekundu la uwanjani. Lakini ndege ikiwa juu ya maji, katikati ya Mwanza na Bukoba, gari hilo litaifikiaje? Kwa sababu hiyo wahandisi waliona mapema kwamba mzima moto hana budi kusafiri pamoja na abiria.

Katika injini za ndege kubwa mambo huenda hivi. Waya maalumu huzungushwa pande zote za injini. Joto likizidi kiasi, umeme unaopita katika waya huo hubadilika, kengele hulia na taa nyekundu huwaka mbele ya rubani. Rubani huvuta mpini unaofunga mafuta yasiende kwenye injini, kisha huruhusu mtungi ufunguke. Fataki ndogo hupasua kizibo, na dawa iliyoshindiliwa kwa naitrojeni humwagika kwa muda wa kama sekunde moja. Kwa kawaida upo na mtungi wa pili, ikiwa wa kwanza hautoshi. Zamani dawa hiyo ilikuwa kaboni dayoksaidi, au methili bromaidi ambayo ni sumu kwa binadamu. Baadaye ikaja haloni 1301, ambayo haifukuzi hewa tu bali huvuruga kemia yenyewe ya mwali.

Ndege za vita zilidai kasi kubwa zaidi. Risasi ikipenya karibu na tangi, mvuke wa mafuta hulipuka kabla rubani hajatambua amepigwa. Hata hivyo mlipuko huo, ambao sisi tunauona wa ghafla, huanza na mwali mdogo unaokua. Ndipo kikatengenezwa chombo chenye jicho la umeme: kinauona mwali, kinapasua mtungi, na dawa inatawanyika kabla mgandamizo haujafika kiasi cha kurarua bati. Yote hayo hutendeka katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kushindana nacho.

Katika ndege za abiria kinga ilikuja polepole, na kila hatua ililipiwa kwa roho za watu. Tarehe 11 Julai 1973 Boeing 707 ya shirika la Varig la Brazil iliungua karibu na Paris. Moto ulianzia chooni, na watu 123 kati ya 134 walikufa. Tarehe 2 Juni 1983 moto ulizuka tena chooni katika ndege ya Air Canada. Ilitua Cincinnati, lakini watu 23 kati ya 46 hawakutoka. Baada ya hapo sheria za Marekani zikadai choo kiwe na king'ora cha moshi, na pipa lake la taka liwe na kimtungi kinachojifungua chenyewe joto likipanda. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet iliungua na kuanguka Florida kwa moto wa chumba cha mizigo, wakafa watu wote 110. Ndipo ikaamriwa vyumba vya namna hiyo navyo viwekewe vyombo vya kugundua na kuzima moto.

Kwetu Afrika Mashariki msiba ulikuja tarehe 18 Aprili 1972. Super VC10 ya shirika letu, iliyotoka Nairobi kwenda London, ilikuwa ikijaribu kuruka kutoka Addis Ababa. Tairi la mbele lilipasuka, rubani akakatisha safari, breki hazikutosha, ndege ikapita mwisho wa njia na kuwaka. Kati ya watu 107 walikufa 43. Nilikuwa mwanagenzi katika karakana za Embakasi, na siku ile hakuna aliyepiga soga. Mtungi wa injini hauwezi kitu tangi la bawa likipasuka na mafuta kumwagika. Hapo ndipo zamu ya gari la uwanjani, nayo kanuni za kimataifa zinalitaka lifike popote kwenye njia ya kurukia katika muda usiozidi dakika tatu.

Sasa niseme la kwangu. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa kwa mwajiri ambaye sitamtaja, nilikagua mtungi wa injini hapo Mwanza saa nane mchana. Ndege ilikuwa imesimama juani tangu asubuhi. Mshale ulikuwa kwenye alama ya kijani, nikatia sahihi. Fundi mkuu, mzee asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Kijana, umesoma mshale, je, joto umelisoma?" Alileta kipimajoto na jedwali. Kwa joto lile mshale ulipaswa kuwa juu zaidi. Tuliufungua mtungi tukaupima kwenye mizani, tukaukuta mwepesi. Ulikuwa ukivuja kidogo kidogo, na jua la Mwanza lilikuwa limeuficha upungufu wake. Jioni ile abiria walipanda wakichekana, wala hawakujua lolote. Sahihi yangu niliifuta mwenyewe, mbele ya mzee.

Tangu siku hiyo nilielewa kwamba haraka ya chombo hutokana na subira ya fundi. Upande wangu wa mdahalo haukukosea kabisa.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Walikufa watu 19 na kuokoka 24. Haikuungua, lakini somo ni lile lile: wavuvi ndio waliotangulia kuifikia kwa mitumbwi yao, kwa sababu walikuwa pale pale. Gari la zimamoto haliogelei.

Wadogo zetu, liko swali nawaachia. Haloni huharibu tabaka la ozoni. Nchi zilizoendelea ziliacha kuitengeneza mwaka 1994, na nchi nyingine mwaka 2010. Hata hivyo injini nyingi za ndege bado hulindwa kwa haloni ya zamani inayokusanywa na kusafishwa, maana dawa nyepesi, ya haraka na isiyo na madhara ya kushika nafasi yake kila mahali bado inatafutwa. Anayesoma kemia katika maabara yetu leo na ajaribu. Akiipata, asisahau kuipima juani.